Mlima Ndani ya Karakana

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili nisije nikaulizwa huko mbele ilikuwaje mtu mwoga akapewa usukani wa gari la wagonjwa. Sikuuomba. Udereva nilijifunza jeshini, nilipokwenda kujenga taifa kama vijana wenzangu, na niliporudi Kisarawe nikakuta hospitali ina gari moja, jeupe, lenye machela nyuma, na dereva wake ameacha kazi. Waliniuliza kama najua kuendesha. Nikasema najua. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa, na mimi sikuwa na akili ya kumwambia mtu.

Ninaousimulia ni wakati ule wa foleni, miaka ya themanini ikianza. Sabuni uliipata kwa kujuana na petroli kwa kibali. Jumapili mchana magari ya watu yalikatazwa barabarani ili nchi ipunguze kiu ya mafuta, na barabara zikawa za baiskeli na mbuzi. Gari letu peke yake ndilo lililoruhusiwa kupita, na watu walilipungia mkono kana kwamba nilikuwa natembea kwa raha zangu.

Hospitali iko juu. Vijiji vingi tulivyovihudumia viko bondeni, upande wa nyuma, ambako familia zilikusanywa pamoja katika siku za vijiji vya ujamaa. Kushuka huko hakukuwa na neno. Maneno yalikuwa kupanda. Kuna mahali barabara inapinda juu ya udongo mweupe, ule unaochimbwa katika vilima vya kwetu. Ukinyeshewa unateleza, ukikauka vumbi lake linaingia mpaka kwenye meno. Pale kwenye ile kona, likiwa na mgonjwa na ndugu zake, ndipo gari letu lilipokata pumzi, safari baada ya safari.

Lilianza kwa kugonga. Sauti ilitoka ndani ya injini, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Narudi gia ya pili, linagonga. Narudi namba moja, linatetemeka lote, mpaka chupa za dawa zinalia kwenye sanduku lake. Kisha linazima, na breki zake peke yake hazikuweza kulishika likiwa limejaa. Linaanza kurudi nyuma polepole, na nyuma ni korongo.

Kwa hiyo pakazuka desturi. Malori ya mkaa yalikuwa na utingo wa kuruka na kuweka gogo nyuma ya tairi. Gari la wagonjwa halikuajiriwa utingo, basi kazi hiyo ikawa ya ndugu wa mgonjwa. Kila mgonjwa wa bondeni alikuja na mtu wa gogo. Huyo alikaa mwisho kabisa, mlango wa nyuma ukiwa wazi, gogo la mti mgumu mapajani. Nikipiga kelele "Gogo!" anaruka na kulisukumiza nyuma ya gurudumu. Hapo tunangoja injini ipoe, tunashusha watu, wanasukuma, na Mungu anasaidia. Walizoea mno, hata wengine hawakungoja kelele yangu. Wakiona udongo umegeuka mweupe, wanaruka. Na bondeni huko, ukoo ukikaa kuamua nani amsindikize mgonjwa, swali halikuwa nani wa karibu zaidi kwa damu. Waliulizana nani mwepesi wa miguu.

Siku moja mtu wa gogo aliteleza. Gogo likaenda upande, gari likarudi, na nyuma alikuwemo mama mmoja mwenye homa kali na mjomba wake. Nilikata usukani kuelekea kwenye ukingo wa juu na gari likajikita kwenye udongo. Hakuna aliyeumia. Nilipojaribu kushuka nikagundua nimejilowesha. Yule mjomba aliona, akatoa msuli wake wa akiba akanipa. Mpaka leo namwombea dua.

Fundi wetu wa hospitali alikuwa mtu mzima mwenye sifa mpaka Pugu. Njia yake ilikuwa moja: anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini wake sikioni, anafumba macho. "Inaimba," anasema. Na kweli, pale uwanjani, boneti wazi, gari tupu, injini iliimba. Ukiipeleka barabara ya tambarare inakimbia vizuri tu. Kila nilipomlalamikia alinitazama kwa huruma.

"Gari halina tatizo, bwana mdogo. Wewe unauogopa mlima, na unakanyaga mafuta kwa woga."

Hilo liliniuma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Kila nilipoagizwa kwenda bondeni nilikuwa naharisha kwanza.

Basi katika hali hiyo mke wangu akapata mimba ya kwanza. Muuguzi aliyekuwa akimpima alimpapasa tumbo, akarudia tena, akaniita pembeni. Mtoto amelala mkingamo, alisema. Huenda akageuka mwenyewe, huenda asigeuke. Asiposhuka kichwa, mama huyu hazai bila kisu. Asikae mbali na hospitali.

Nilikuwa nimepanga kumwambia hayo mama mkwe. Lakini mama mkwe alikuja kwanza. Kwa watu wa bondeni, uzazi wa kwanza ni kwa mama. Binti anarudi nyumbani alikozaliwa, anakandwa na kufundishwa na mama yake mzazi, na mume anakaa kwake akisubiri habari. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ndogo isiyobishiwa. Mimi na yeye tulikuwa tumeheshimiana kwa namna ya wakwe: sikumtazama usoni, sikuketi naye mkeka mmoja, na nikimkuta njiani nilisogea pembeni mpaka apite. Alisimama mlangoni kwangu amejifunika kanga hadi kwenye paji la uso, akazungumza akiwa ameelekea ukuta.

"Mkwe wangu, mwenzio namchukua. Uzazi wa kwanza ni kwetu."

"Mama, muuguzi anasema mtoto amekaa vibaya."

"Atageuka. Wangu wote waligeuka. Na ikizidi, si una gari?"

Si una gari! Nilitaka kumwambia ni gari gani hilo analolitegemea. Nilitaka kumwambia juu ya msuli wa yule mjomba. Badala yake nilitazama miguu yake na kusema, "Sawa, mama." Mke wangu akafunga kanga zake, akaondoka naye, na mimi nikabaki na hofu ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Kuwaogopea wagonjwa wa watu nilikuwa nimezoea. Hii ilikuwa ya mtu wangu mwenyewe. Nilijua kabisa kitakachotokea: wataniita, nitashuka, nitampakia mke wangu, na pale kwenye udongo mweupe gari litagonga na kuzima.

Aliyeniokoa ni dereva mmoja wa lori la mbao. Alinikuta nimekaa nje ya hospitali nimeshika kichwa, akaniuliza kulikoni, nikamwambia. Akasema lori lake nalo lilikuwa hivyo hivyo, na walilipima Kibaha. Kule kwenye chuo kimoja cha ufundi kuna mashine ya kupimia nguvu za gari. Gari linakimbia huku limesimama. Nilidhani ananitania.

Nilimwendea mganga mkuu, nikamwomba hadi akachoka. Akatupa petroli ya kwenda na kurudi, kwa sharti kwamba hakutakuwa na nyingine mpaka mgao ujao, ila ya kubebea wagonjwa tu. Fundi alikuja nami. Alikuja kwa hasira, amevaa shati lake la sikukuu, akakaa kiti cha mbele mikono amefumbata. Tuliteremka Pugu, tukapita Ubungo, tukashika Barabara ya Morogoro, na gari likakimbia bila kosa hata moja. Kila tulipopita lori fundi alinitazama na kutabasamu. Mimi nilianza kuona aibu, na ndani ya aibu nikatamani gari ligonge japo kidogo.

Chuo kilikuwa upande wa Mkuza, wakati huo kukiwa bado na mikorosho na mashamba ya mihogo kila upande. Mwalimu wa magari alitupokea mwenyewe, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mashine yake ilikuwa imefunikwa turubai. Wafadhili waliileta, wakaifunga, wakafundisha kuitumia, kisha wakarudi kwao. Alipofunua, niliona rola za chuma nene kama mapipa zimelazwa kwenye shimo sakafuni, bomba la maji limeingia ubavuni mwake, na ukutani saa kubwa yenye mshale mmoja.

"Hii ni dainamomita," alisema. "Magurudumu ya nyuma yanakaa juu ya rola. Yakizunguka, rola zinazunguka. Mimi nikifungulia maji, maji yanazikaba rola, na injini lazima ifanye kazi kama inayopanda mlima. Mshale unaonyesha ina nguvu kiasi gani."

"Hii gari inaimba," fundi alisema.

"Naamini, mzee wangu. Lakini inaimba ikiwa haijabeba kitu. Hapa tunaibebesha mlima tukiwa tumeifunga minyororo. Ikishindwa, itashindwa hapa hapa, hatarudi nyuma mtu yeyote."

Maneno yale yalinipa raha kwa muda mfupi sana, kwa sababu aliyefuata kuambiwa aingie garini ni mimi. Mwalimu alisema dereva aliyeizoea klachi ndiye bora. Walifunga minyororo nyuma na mbele, kwenye pete zilizochimbiwa sakafuni. Mbele yangu, mahali ninapoweza kupafikia nikishuka na kunyoosha mkono, palikuwa na ukuta mweupe. Mwalimu aliniambia nisiogope, nisishike usukani kwa nguvu, nisikanyage breki ghafla, kisha akaenda kusimama nyuma ya nguzo. Nikamwuliza mbona anasimama nyuma ya nguzo. Akasema tangu wafadhili waondoke hajawahi kuifungulia maji mpaka mwisho, na minyororo ile ni ya zamani.

Niliwasha. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuma yangu rola zikaanza kuvuma, sakafu ikatetemeka, na mshale wa mwendo kwenye dashibodi ukapanda mpaka mwendo ambao sikuwa nimewahi kuufikia maisha yangu yote. Na ukuta uko pale pale. Nilikuwa nakimbia kwa kasi ya basi la Morogoro kuelekea ukutani, na kila sehemu ya mwili wangu iliniambia nikanyage breki, na kila sehemu ya akili iliniambia nikikanyaga minyororo itakatika. Jasho liliingia machoni. Mnyororo wa kulia ulilegea na kukaza, ulilegea na kukaza, na nikawa nasoma shahada kwa sauti bila kujijua.

"Nafungulia!" mwalimu alipiga kelele.

Maji yakaingia. Gari likazama kidogo kwa nyuma, mngurumo ukawa mzito, mguu wangu ukahisi ule ugumu ninaoujua. Kisha ikaja, mle ndani ya karakana, kwenye sakafu ya saruji iliyo tambarare kabisa: ka-ka-ka-ka-ka.

"Gogo!" nikapiga kelele.

Naapa, lilinitoka lenyewe. Mwalimu alifunga maji na kukimbilia nje. Fundi wangu naye, mtu mzima na shati lake la sikukuu, aliruka kutafuta gogo kwenye karakana isiyo na gogo. Nilizima injini nikaegemeza kichwa kwenye usukani. Walipojua ni mazoea tu hawakucheka.

Fundi ndiye aliyezungumza kwanza. Alikuwa amekuja karibu na boneti, uso umembadilika.

"Rudia," alisema.

"Mzee, nimechoka."

"Rudia, nimesema. Nataka kusikia."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sote wawili hatukuwahi kukifikiria. Fundi hakuwa amewahi kupanda nami mlima. Kwa miaka yote ile alikuwa akilisikiliza gari uwanjani, likiwa tupu, na ile misumari ndani ya kopo hakuwa ameisikia hata mara moja. Alidhani ni maneno ya woga wangu. Nikarudia, ukuta mbele yangu, na yeye akasimama pembeni ya injini kwa ukaidi ulionitisha, bisibisi sikioni, wakati maji yanafunguliwa. Injini ikagonga. Mshale ukutani ulipanda nusu ya njia, ukasitasita, ukaanguka.

Mwalimu alisema moto unawahi kuwaka, ndiyo maana injini inagonga. Alilegeza distribyuta, ile inayogawia plagi moto, akairudisha nyuma kidogo, upana wa ukucha. Tukapima tena. Kugonga kulipungua, mshale ukapanda zaidi kidogo, halafu ukaanguka vile vile. Akakuna kichwa. Akatazama plagi, akasema ni nyeupe mno, injini ina njaa ya petroli. Fundi aliposikia njaa akaomba spana, akaifungua kabureta kwa mikono yake mwenyewe, akatoa ndani ya tundu la petroli kipande cha waya mwembamba wa shaba.

Ule waya nilikuwa naujua. Kila dereva wa wakati ule aliujua. Petroli ilipoanza kuwa ya kibali, mafundi walianza kupitisha uzi wa waya kwenye tundu la kabureta ili lipite tone badala ya mkondo. Gari tupu kwenye tambarare lilienda vizuri, na mafuta yalifika mwisho wa mgao. Dereva mwenye waya alisifiwa. Mimi mwenyewe nilisifiwa mbele ya wafanyakazi wote, nikapewa kanga ya kumpelekea mke wangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuoanisha ule waya na ile kona, kwa sababu waya ulikuwa kitu cha sifa, na kona ilikuwa woga wa dereva.

Tukapima bila waya. Nilikanyaga mafuta, mwalimu akafungulia maji, gari likazama nyuma, na injini ikavuta. Ikavuta tu. Mshale ulipita pale ulipokuwa ukiangukia, ukaendelea kupanda, mwalimu akazidi kufungulia, nao ukakaa juu bila kutikisika. Fundi akasema turudishe waya, tuone. Ukaanguka. Tuutoe. Ukapanda. Alifanya hivyo mpaka ikawa hakuna cha kubishia, na mwalimu akasogeza distribyuta huku na huku mpaka akapata mahali ambapo mshale ulipenda kukaa. Hii ndiyo faida ya ile mashine niliyoiona kwa macho yangu. Tulibadilisha kitu kimoja, tukauliza, tukajibiwa pale pale. Kwa njia yetu ya zamani, kila swali lilihitaji mlima na mgonjwa.

"Masikio yangu si mabaya," fundi alisema tukiwa njiani kurudi. "Sikuwa nimepewa cha kusikiliza." Kisha akalala mpaka Ubungo.

Ungedhani hofu yangu iliishia Kibaha. Haikuishia. Nilikuwa nimeona mshale, lakini mshale hauna korongo nyuma yake, na mlima wa karakana ulikuwa na koki ya kuufunga. Nilitaka kulijaribu gari kwenye ile kona kwa magunia ya mchanga, ila petroli ya kujaribia haikuwepo, na mganga mkuu alikuwa ameshasema. Tulirudi Ijumaa. Jumamosi hakuna mgonjwa aliyetoka bondeni. Jumapili, baada ya adhuhuri, akaja mtu na baiskeli, amelowa jasho, akasema uchungu umemwanza mke wangu tangu asubuhi na mtoto ametoa mkono.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka kwamba barabara ilikuwa tupu kwa ile amri ya Jumapili, na ukimya wake uliniogopesha kuliko msongamano. Nilimkuta mke wangu amelala ukumbini, macho yamemwingia ndani. Aliniambia, "Umechelewa," na hakuwa ananilaumu. Wanawake wakamwingiza kwenye machela. Nikauliza nani anakuja naye. Mama mkwe akatoka uani amejikaza kanga kiunoni, na mkononi ana gogo.

"Mama, tafuta kijana."

"Vijana wako shambani. Mie n'na miguu."

Alipanda, akakaa mwisho, mlango wazi, gogo mapajani, kama alivyoona watu wakikaa miaka yote. Ilinipasa kumweleza kwamba gari limetengenezwa, kwamba safari hii asiruke mpaka aambiwe. Lakini sikuwa nimewahi kumpa mama mkwe amri yoyote, na hata sasa nilitazama miguu yake. Tena, niseme ukweli, sikuwa na hakika. Vipi kama kweli litazima? Nilifunga mdomo nikawasha gari.

Tukaanza kupanda. Nilikuwa nasikiliza kwa mgongo na kwa meno. Mke wangu alikuwa akilia kila gari liliporuka shimo, kisha akaacha kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikaona udongo unaanza kufifia, mwekundu ukawa wa waridi, wa waridi ukawa mweupe. Gia ya pili. Nilikuwa nimeweka mkono tayari kurudi namba moja. Kona ikafika. Nilisubiri ka-ka-ka, nimebana pumzi, nimefumba jicho moja kama mtoto anayesubiri kofi.

Halikugonga. Injini ilivuta kama ilivyovuta mbele ya ule ukuta. Gari lilipita pale kwenye alama za magogo ya watu wote walioruka kabla yetu, likaendelea kupanda, na nikaanza kucheka kwa sauti peke yangu. Ndipo mke wangu akapiga ukelele.

"Mama! Mama ameruka!"

Nilitazama kwenye kioo. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya barabara, katika vumbi jeupe, amelaza gogo chini, anangoja gurudumu ambalo halikuja.

Niliinua mguu. Injini ikasikia, ikapunguza. Mlima ulikuwa bado unapanda, na mwalimu alikuwa amenionya kule Kibaha kwamba kusimama mlimani na mzigo ni jambo lingine kabisa. Nikisimama, nitaondoka tena? Sikujua. Mkono wa mwanangu ulikuwa tayari umetoka duniani. Nilikanyaga mafuta. Kwenye kioo mama mkwe alizidi kuwa mdogo, kisha kona ikamficha, na mke wangu akawa anamwita mama yake mpaka tulipofika juu.

Nisimtese msomaji: walipona wote wawili, mama na mtoto, na mtoto ni binti, na leo ana watoto wake. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba machela ilipita mlango wa chumba cha upasuaji, na kabla haujafungwa mke wangu aliinua kichwa akaniambia, "Mrudie mama." Muuguzi akasema nenda, hapa huna kazi. Nikarudi garini.

Niliteremka polepole. Sikuwa nimefika mbali nilipomwona. Alikuwa anapanda mlima kwa miguu, peku, mweupe kwa vumbi toka kichwani. Hakupita pembeni kama wapitavyo watu. Alikuwa katikati kabisa ya barabara, gogo amelikumbatia mbele ya tumbo, macho juu. Akaliona gari linakuja kumshukia. Nilitegemea asogee. Badala yake alikimbia kulielekea, akapiga magoti, akalisukumiza gogo chini mbele yake na kulishika kwa mikono yote miwili, kichwa ameinamisha.

Nilikanyaga breki zote. Gari likasimama mbali naye vya kutosha, tupu, jepesi, bila hata kuteleza. Yeye hakuinua kichwa. Nilishuka nikamwendea, na kwa mara ya kwanza nilimwona uso, maana kanga ilikuwa imemwanguka na hakujali.

"Mwanangu yumo?" aliuliza.

"Hayumo, mama. Yuko kwa daktari. Gari lilipanda."

"Lilipanda?"

"Lilipanda lote, mama."

Alinitazama kama asiyeielewa lugha. Vidole vyake vilikuwa bado vimeshika gogo, na nilipojaribu kumwinua havikuachia. Nikamwuliza, mama, kwa nini hukungoja pale pale, au ukapita pembeni? Ungekufa.

"Sikusikia likizima," alisema. "Mlipita kona, sikusikia tena kitu. Nikajua linarudi kimya kimya na mwanangu ndani. Nikasema, likirudi, likute mtu."

Nilikaa naye pale chini kwenye udongo, mkwe na mkwe, hadi vidole vyake vilipoliachia gogo.